Kuhesabu siku za majani: tunavyochunga chini ya milima ya Usambara

Shamba letu liko Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki, upande wa kuelekea msitu wa mitiki wa Longuza. Lina ekari tisa. Mbele kuna michungwa na minazi, katikati mihogo na mahindi, na nyuma ardhi inateremka hadi kwenye kijito kinachoingia Mto Zigi. Mteremko huo ndio malisho yetu. Tuna ng'ombe chotara wa maziwa wanne na ndama wao, pamoja na mbuzi ambao ni mali ya mama na hawaguswi bila ruhusa yake. Kwa mfugaji wa Handeni au Kilindi hilo si kundi la kutaja mbele za watu. Kwetu ndilo linalolipa ada za shule, linaloleta sukari na sabuni, na linaloipa michungwa mbolea.

Kila mwaka Januari inapoingia na kaskazi kuanza kukausha kila kitu, watu hutuuliza tunawalisha nini ng'ombe hawa hata wakaendelea kukamuliwa. Tunawalisha majani ya shamba hilihili. Tulichobadilisha ni hesabu. Zamani, baba alipokuwa hai, hesabu ya nyumba hii ilikuwa ng'ombe wangapi. Siku hizi ni majani yamepumzika siku ngapi, na mengine yote yanafuata hapo.

Majani yakishaliwa hayaoti upya kwa mvua na jua peke yake. Yanaanza na akiba iliyobaki kwenye kitako cha shina na kwenye mizizi, yakisaidiwa na ule ukijani kidogo ulioachwa juu. Kwa joto letu la pwani, mvua ikiwa inanyesha, machipukizi huonekana siku ya tatu au ya nne. Hapo ndipo penye hatari. Chipukizi ni laini na tamu, na ng'ombe akiwa bado yuko palepale ataruka majani yote yaliyokomaa alifuate lile alilolikata juzi. Shina linatumia akiba mara ya pili kabla halijarudisha ya kwanza. Mizizi inafupika, na kiangazi kikija haifiki tena kwenye unyevu wa chini. Mpita njia atasema malisho yapo, maana mimea migumu na mifagio hubaki imesimama. Yale mazuri ndiyo yanayokufa kwanza, kwa kuwa ndiyo yanayopendwa.

Kwa hiyo wakati wa mvua ng'ombe wetu hawakai kwenye kipande kimoja zaidi ya siku tatu au nne. Wakishatoka, kipande kinafungwa wiki nne hadi sita. Kiangazi muda huo huwa mara mbili au zaidi, na yapo majira ambayo kipande hakifunguliwi kabisa mpaka mvua irudi. Kuchelewa nako kuna hasara yake: majani marefu yakishatoa maua, shina linakuwa gumu na protini inashuka, na mkamuaji ataliona jambo hilo kwenye ndoo kabla mtaalamu hajapima chochote.

Mama ndiye mwenye kipimo. Hataki kusikia habari ya ratiba ya ukutani. "Mwanangu, usiniambie leo ni zamu ya kipande cha mwembeni," huniambia. "Kaangalie majani kwanza, kisha ndiyo uje tuzungumze." Kwenye majani marefu yanayoota kwa mashina mengi pamoja, anataka yafike gotini na kupita kidogo kabla ya kuingiza ng'ombe, na wakitoka ibaki shibiri moja. Kwenye ukoka ulioko chini ya minazi haweki masharti makali, kwa sababu ukoka hutambaa na hustahimili kuliwa karibu na ardhi. Nimeona wafugaji wakitumia kipimo kimoja kwa majani ya kila aina, na siwaungi mkono. Majani marefu yakikatwa hadi ardhini yanachelewa sana kurudi, na palipobaki wazi magugu huwahi.

Hesabu ya chakula si ngumu kama inavyosikika. Ng'ombe hula majani makavu yenye uzito wa karibu asilimia tatu ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo mwenye kilo 300 anahitaji kama kilo nane hadi tisa. Pima mita moja mraba ya malisho kwa fito nne, kata majani yote hadi pale unapotaka yabaki, yaanike juani mpaka yakauke kabisa, kisha uyapime kwa mizani ya dukani. Fanya hivyo sehemu kadhaa, penye majani mengi na penye machache, upate wastani. Tuseme wastani wako ni gramu 125. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047, kwa hiyo unazo kilo 500 hivi za kulisha. Ng'ombe wanne wenye kula kilo nane kila mmoja wanazimaliza kwa siku kumi na tano. Lakini siku kumi na tano mahali pamoja ni nyingi mno, kwa sababu ile niliyokwisha kuieleza, basi ekari hiyo igawe vipande vinne au vitano.

Watu wakisikia kugawa vipande wanawaza waya na nguzo za zege, na hapo mazungumzo huishia. Sisi hatukununua waya. Mipaka ya kudumu tumeipanda kwa matawi ya glirisidia, mti ambao majani yake ni chakula cha mifugo, yaliyokatwa marefu kumzidi mtoto wa darasa la tatu na kuchomekwa karibukaribu masika yanapoanza. Yanaota, yanakuwa ukuta, na kila yanapopunguzwa yanatoa chakula. Mipaka ya ndani ni kamba za mkonge. Na kwa ng'ombe mtulivu tunatumia njia ambayo pwani hii wazee wameitumia siku zote kwa mbuzi na ng'ombe wa nyumbani, yaani kamba na kigingi. Kamba ya mita tano inampa ng'ombe duara la mita za mraba karibu 78. Kwa malisho ya gramu 125 yale tuliyoyapima, duara hilo lina chakula cha kilo tisa na ushei, ambacho ni cha siku moja. Kesho kigingi kinasogea. Mwenye ng'ombe mmoja na ekari moja anaweza kufanya mzunguko kamili bila kununua chochote zaidi ya kamba, mradi kila anapomfunga pawe na kivuli na maji yafike. Ng'ombe wa maziwa anakunywa lita 40 au zaidi kwa siku ya joto, na kumfunga juani bila ndoo ni kumtesa.

Aliyenifundisha zaidi ya wote ni mzee mmoja jirani yetu, ambaye ujanani mwake alifanya kazi kwenye ranchi ya Mkwaja, kusini ya Pangani. Ranchi ile ilianza miaka ya 1950 ikafungwa mwaka 2000, na ardhi yake leo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005. Nilikwenda kumuuliza habari za mbung'o, kwa kuwa ndama wetu mmoja alikuwa amedhoofu na tulihofia nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Nikamwamkia, akanikaribisha barazani, na habari za mbung'o hazikuchukua muda. Alipenda kuzungumzia majani.

Alinieleza jinsi ng'ombe walivyopewa dawa za nagana mwaka nenda mwaka rudi, na jinsi vichaka vilivyoendelea kusonga licha ya kufyekwa: migunga kwenye udongo mweusi, mikoche, na miiba ya kila aina. Majani yakiliwa sana, alisema, hata moto wa kiangazi unakosa cha kuchoma, na mche wa mgunga ambao ungeungua ukiwa mdogo unapata nafasi ya kuwa mti. Vichaka navyo ndivyo kivuli anachokipenda mbung'o. Kisha akasema neno ambalo sijaacha kulifikiria.

"Ng'ombe anakula kule mbali mchana, usiku analetwa zizini. Mavi yote yako zizini. Kila siku unatoa kule unaleta hapa. Fanya hivyo miaka arobaini, mjukuu wangu, kule mbali kutabaki nini?"

Nikamuuliza palikuwaje pale penye mazizi ya zamani baada ya kuachwa. Akajibu kwamba pale ndipo palipoota ukoka mzuri, mfupi na wa kijani, na wanyama wa porini wakawa wanakuja kula hapo.

Nilirudi nyumbani nikalitazama zizi letu kwa macho mengine. Ng'ombe wa kilo 300 anatoa mavi mabichi ya kilo 15 hadi 20 kwa siku, na sehemu kubwa ilikuwa inarundikana mahali pamoja nyuma ya nyumba. Michungwa ilipata yake, ni kweli, kwa kuwa kaka alikuwa akiibebea kwa toroli. Mteremko haukupata kitu. Ulitoa tu, mwaka baada ya mwaka. Tangu hapo kila kiangazi tunatengeneza zizi la kuhama kwa fito na kamba, tunalisimika penye udongo uliochoka, ng'ombe wanalala hapo usiku kadhaa, kisha tunalisogeza. Wezi wa mifugo wapo, kwa hiyo halivuki mbali na nyumba, na kaka hulala karibu nalo. Sehemu za chini tunapeleka samadi kwa mkono. Mvua za kwanza zikinyesha, mtu yeyote anaweza kuonyesha kwa kidole zizi lilisimama wapi. Mbawakawa wanaoviringisha mavi na kuyazika ardhini nao wameongezeka, na hilo linanifurahisha sana. Ndiyo sababu siku hizi dawa ya minyoo hatuitoi ovyo kwa kundi zima, maana zipo dawa zinazotoka na mavi na kuwaua wadudu hawa.

Hapa niseme jambo ambalo wanaohubiri mzunguko wa malisho huliruka. Kuhamisha ng'ombe hakuondoi kupe. Kupe wa masikio, yule wa kahawia anayeambukiza ndigana kali, anaweza kukaa kwenye majani miezi mingi bila kula, hata kuzidi mwaka, akimngoja mnyama apite. Wiki zako sita za kupumzisha kwake si kitu. Chotara wa maziwa akipata ndigana kali asipotibiwa mapema anakufa, na ndama ndio wanaoondoka haraka zaidi. Kuogesha kunaendelea palepale, na dawa ipenye ndani ya sikio na chini ya mkia, maana kuipitisha mgongoni tu ni kuipoteza. Ipo pia chanjo ya ndigana kali, ambayo mnyama hupewa vimelea hai pamoja na dawa ya kuvizuia visimzidi, mara moja, na kinga yake hudumu muda mrefu sana. Ndama wetu tunawachanja. Ni gharama, lakini kumzika mtamba uliyemlea ni gharama kubwa zaidi, na nyumba zinazofuga Tanga zinalijua jambo hili vizuri. Wengi walianza na mitamba ya chotara iliyosambaa kwa mradi wa maziwa wa Tanzania na Uholanzi ulioanza mwaka 1985, kabla ya vyama vya ushirika na kiwanda cha Tanga Fresh, na karibu kila nyumba ina ng'ombe wa kusimuliwa.

Kwa minyoo ni habari nyingine. Mayai hutoka na mavi, yanaanguliwa, na watoto wa minyoo hupanda kwenye majani na kukaa zaidi sehemu ya chini. Kwenye joto na unyevu kama wa kwetu wanaibuka haraka na wanakufa haraka. Wengi huwa wamekwisha baada ya wiki tano au sita. Kwa hiyo kupumzisha kipande muda huo, na kutowaacha wanyama wale hadi ardhini, kunapunguza minyoo kweli, hasa kwa mbuzi. Mama alilikubali jambo hili kabla yangu. Alikuwa ameona kwamba mbuzi wanaofungwa mahali pamoja chini ya mwembe ndio wenye kuhara na kuvimba chini ya taya.

Kiangazi kinaamuliwa mwezi Mei. Mwalimu mmoja Msukuma aliyehamia shule ya jirani ndiye aliyetueleza habari za ngitili, yaani eneo linalofungwa wakati wa mvua ili lije kuliwa wakati wa ukame. Kwao Shinyanga ngitili nyingi zilirudi baada ya mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, kuanza mwaka 1986. Wamasai nao wanazo alalili zao. Hapa kwetu mvua ni nyingi kuliko huko, masika na vuli, na labda ndiyo maana watu wa pwani hatukuwa na desturi hiyo. Lakini Januari na Februari hazijali tumetoka mwaka wenye mvua kiasi gani. Sasa kipande cha juu cha mteremko kinafungwa masika yakiwa bado yananyesha, na hakiguswi hata majani ya kwingine yakipungua.

Majani yaliyokauka yakiwa yamesimama yanashibisha, lakini lishe yake ni ndogo. Tunaongezea majani ya miti ya lukina na glirisidia. Lukina isizidi theluthi ya chakula cha siku, kwa sababu ina sumu inayoweza kumnyonyoa ng'ombe manyoya na kumdhoofisha. Glirisidia ng'ombe wengi huikataa mwanzoni kwa harufu yake. Ikatwe jioni, inyauke usiku kucha, ipewe asubuhi ikichanganywa na majani waliyoyazoea. Baada ya siku chache watakuwa wanaifuata wenyewe.

Sehemu nyingine tunaivuna kuwa hei, yaani majani makavu ya kuhifadhi. Masika hayafai kwa kazi hiyo kwa sababu majani yanaoza kabla ya kukauka. Tunangoja Juni, kusi inapovuma na anga kutulia, tunakata majani yanapoanza kutoa maua, tunayageuza juani siku mbili tatu, kisha tunayashindilia kwenye kasha la mbao lisilo na kitako. Kasha lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45 linatoa robota la kilo 20 hivi. Kamba ya mkonge inapitishwa kabla ya kujaza, watoto wanakanyaga, robota linafungwa. Babu yetu alikata mkonge kwenye mashamba makubwa ya mkoa huu, na mama hupenda kuwaambia wajukuu kwamba maneno robota na kamba yalikuwa ya kazi ya babu yao kabla hayajawa ya kazi ya ng'ombe. Kazi hiyo kwa familia nzima inakwisha mapema kuliko watu wanavyodhani, na ghala linanukia vizuri mno.

Limebaki suala la kijito. Ng'ombe walikuwa wakiteremka kunywa wenyewe, na kingo zilikuwa zimekatika na kuwa njia za matope. Maji yale yanaingia Zigi, na Zigi inakwenda kwenye bwawa la Mabayani linalolipatia maji jiji la Tanga. Udongo unaotoka kwetu unawafikia watu wa Ngamiani na Chumbageni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kwa shamba dogo mita 60 ni ardhi nyingi. Kaka hakupenda. Alisema tunapoteza malisho mazuri kuliko yote, na kwa hilo alikuwa na haki ya kulalamika. Tukakubaliana kwamba ng'ombe wasikanyage pale tena, maji yaletwe juu kwa bomba la mpira hadi kwenye pipa lililokatwa, miti ya ukingoni iachwe, na juu ya mstari ule tupande majani ya malisho ya gwatemala na matete kwa mistari inayokata mteremko, ya kukata na kuwapelekea zizini. Gwatemala haiwi nzuri kama matete kwa maziwa, lakini inabaki kijani kiangazi na inashika udongo vizuri.

Sasa hivi kaka anataka tuongeze mtamba mmoja. Bei ya maziwa kituoni imekuwa nzuri na anaona majani yamesimama. Mimi na mama tumemwomba angoje hadi mwisho wa Februari, tupime mita mraba zetu wakati majani ni machache, tuone kama kuna kilo nane nyingine za kila siku. Zikiwepo, mtamba aje. Na kama jirani yeyote anahitaji pando za gwatemala au matawi ya glirisidia, masika yakishatulia ardhini aje na panga na baiskeli. Zipo za kutosha, na za mwanzo sisi pia tulipewa bure.